Kabla Hujagusa Kete: Namna ya Kujifunza Kusoma Mbele katika Mchezo wa Go



Ndugu zangu wanafunzi, tangu muhula uliopita mbao za Go zimekuwa jambo la kawaida katika chumba cha mapumziko cha hosteli yetu. Nyingine ni karatasi tu iliyochorwa mistari kwa rula, na kete ni vizibo vya soda vya rangi mbili. Masharti ya chumba ni mawili: hakuna dau, na adhana ikisikika ubao unafunikwa. Baada ya hapo kila mtu yuko huru kufikiri.

Wengi wenu mmezijua kanuni kwa siku moja. Lakini swali ninaloulizwa mara kwa mara na wenzangu, hasa wa mwaka wa kwanza, ni hili: "Kanuni ninazo, nacheza kila wiki, mbona sipandi?" Mimi si bingwa. Ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu niliyeupenda mchezo huu. Hata hivyo jibu la swali hilo linajulikana kwa walimu wa Go wa China, Japani na Korea, na wamelirudia kizazi baada ya kizazi: kucheza michezo mingi peke yake hakutoshi. Anayetaka kupanda afanye maswali ya mazoezi, kidogo kidogo, kila siku. Katika darsa hili nitaeleza kwa nini iko hivyo, na namna ya kuyafanya maswali hayo ili yakufae.

Kanuni kwa ufupi, kwa wasiozijua

Go ulianzia China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wachina huuita weiqi, Wakorea huuita baduk, na jina la Go limetoka Japani. Ubao kamili una mistari 19 kwa 19, yaani nukta 361 ambako mistari inakutana. Wanaoanza hutumia ubao mdogo wa 9 kwa 9, wenye nukta 81. Mwenye kete nyeusi huanza, kisha wanapokezana, kila mmoja akiweka kete moja juu ya nukta tupu. Kete ikishawekwa haihamishwi.

Kila kete ina pumzi. Pumzi ni nukta tupu iliyo jirani yake moja kwa moja: juu, chini, kushoto na kulia. Sikulibuni neno hili. Wachina nao huita nukta hizo qi, yaani pumzi au hewa. Kete iliyo katikati ya ubao ina pumzi 4, ya ukingoni ina 3, na ya kwenye kona ina 2. Kete za rangi moja zilizoshikana huwa kundi moja na hushirikiana pumzi. Kundi likibaki na pumzi moja tu tunasema liko atari. Pumzi ya mwisho ikizibwa, kundi zima linaondolewa ubaoni. Mwishoni hushinda aliyezunguka eneo kubwa zaidi.

Kutokana na kanuni hizo linazaliwa jambo kubwa kuliko yote katika Go: macho. Jicho ni nafasi tupu ndani ya kundi lako. Ukiwa na jicho moja, adui akishakuzunguka kabisa anaweza kuziba pumzi zako zote za nje, kisha akaingia kwenye jicho na kukuua. Ukiwa na macho mawili yaliyotengana hawezi, kwa sababu hawezi kuweka kete mbili kwa mara moja. Macho mawili ni uhai. Jicho moja ni kifo kilichocheleweshwa.

Kusoma ni nini

Wajapani huuita ujuzi huu yomi, neno linalotokana na kitenzi chao cha kusoma. Nasi tunasema kocha "ameusoma mchezo", kwa hiyo neno tunalo tayari. Katika Go, kusoma ni kuziona kichwani kete ambazo bado hazijawekwa: mimi hapa, yeye pale, mimi huku, na mwisho picha inakuwaje.

Mchezaji wa omweso hapa Uganda, au wa bao kule pwani, anaifahamu kazi hii. Kabla hajachota kete shimoni amekwisha kuzisambaza akilini, anajua zitaishia wapi na nini kitamrudia. Anayechota kwanza ndipo ahesabu baadaye, wazee wanaomtazama hutikisa kichwa.

Kusoma kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kuona machaguo: nukta mbili au tatu zinazostahili kufikiriwa. Ya pili ni kujibu kwa niaba ya mpinzani. Ya tatu ni kutazama picha ya mwisho na kutoa hukumu: kundi hili limeishi au limekufa?

Hatua ngumu ni ya pili, na ndiyo moyo wa darsa hili. Kila mtu anaipenda kete yake. Tukishaona nukta nzuri tunampa mpinzani jibu bovu akilini mwetu, tena bila kujua, ili mpango wetu ufaulu. Wanaosoma fikihi na usuli watakumbuka mtindo wa wanazuoni wa zamani vitabuni: *fain qiila... qulnaa*, yaani "ikisemwa hivi, tutajibu hivi." Mwanachuoni hakuishia kutoa dalili yake. Alimtafutia mpinzani hoja yenye nguvu kuliko zote, akaiandika kwa uadilifu, kisha akaijibu. Kama hakuwa na jibu, alijua rai yake bado haijasimama.

Swali la Go ni hivyo hivyo. Hujalitatua ulipoiona kete yako. Umelitatua ulipoliona jibu bora kabisa la mpinzani, na bado kete yako ikasimama.

Swali la kwanza: nafasi tatu

Tuanze na dogo. Kundi lako limezungukwa, na ndani yake kuna nukta tatu tupu zilizopangana mstari mmoja. Hakuna nafasi nyingine. Je, liko hai?

Ukianza wewe, weka kete ya katikati. Nukta mbili zilizobaki zimetengana, basi una macho mawili na uhai. Akianza adui, ataweka kete hapo hapo katikati. Hata ukiila kete yake, utakuwa umezijaza nukta za pembeni na kubaki na jicho moja tu. Kundi limekufa.

Nukta ni ile ile kwa wote wawili. Ndiyo maana wachezaji wa Go wana msemo kwamba nukta muhimu ya adui ndiyo nukta yako muhimu. Ukikwama katika swali la kujiokoa, jiulize: kama mimi ndiye adui, ningeweka wapi? Mara nyingi jibu liko hapo.

Sasa ziwe nukta nne mstari mmoja. Adui akiweka mojawapo ya mbili za katikati, wewe unachukua ya katikati iliyobaki, na unapata macho mawili. Nne za mstari ziko hai hata adui akianza, kwa hiyo huna haja ya kuongeza kete. Nenda ukacheze kwingine. Anayelijua hili huokoa kete nzima katika mchezo, na mshindi wa Go anaweza kupatikana kwa nusu pointi tu.

Swali la pili: sita hufa, nane huishi

Hili linahitaji karatasi na kalamu. Chora ukingo wa ubao, uwe mrefu na uwe na nafasi pande zote mbili, mbali na kona. Mstari wa kwanza ni wa ukingoni kabisa. Wa pili ni unaofuata ndani. Nukta za mstari wa kwanza zipe herufi kutoka A hadi J, kushoto kwenda kulia.

Weka kete nyeusi 6 kwenye mstari wa pili, juu ya C, D, E, F, G na H. Kete nyeupe zimezizunguka: zimejenga ukuta kwenye mstari wa tatu, na zimeziba mstari wa pili juu ya B na juu ya I. Nyeusi hazina pa kutokea. Zikitaka uhai, zitafute macho mawili kwenye mstari wa kwanza, chini yake. Mwenye nyeusi aanze. Ataishi?

Usiendelee kusoma. Litazame kwa dakika mbili.

Jibu la haraka ni kwamba mwenye nyeusi aweke H, azuie upande wa kulia. Amebakiwa na nukta tano tupu: C, D, E, F na G. Ikiwa nne za mstari ziko hai, tano zitakosaje? Wengi husimama hapa wakaandika "yuko hai".

Tuendelee. Mwenye nyeupe ananyemelea kwa chini, anaweka C. Mwenye nyeusi anamzuia kwa D. Kete nyeupe ya C sasa ina pumzi moja tu, ya B. Iko atari. Je, mwenye nyeupe afanye nini?

Tukimchezesha kwa jibu la woga, ataiokoa kete yake kwa kuweka B. Mwenye nyeusi ataweka F, atapata jicho E na jicho G, na kundi liko hai. Furaha tele! Lakini je, hilo ndilo jibu lake bora?

Silo. Mwenye nyeupe ataiacha kete ya C iliwe, aweke F. Hiyo ndiyo nukta ya katikati ya E, F na G, ile ile tuliyoiona katika swali la kwanza. Mwenye nyeusi anaweka B na kuila kete ya C. Hapa tena wengi husimama: "Amepata jicho pale C, na jingine kule E hadi G. Mawili. Yuko hai."

Hatua moja zaidi. Mwenye nyeupe anaweka A. Itazame kete nyeusi iliyo B: kushoto kwake kuna nyeupe, juu yake kuna nyeupe, na pumzi yake pekee ni C. Iko atari. Mwenye nyeusi akiijaza C ili kuiokoa, jicho limezibwa kwa mkono wake mwenyewe. Asipoijaza, mwenye nyeupe ataingia C na kuila kete ya B. Kwa njia zote mbili lile halikuwa jicho. Wachezaji huliita jicho la uongo. Mwenye nyeusi amebakiwa na jicho moja, na kundi lake limekufa ingawa yeye ndiye aliyeanza.

Tazama swali hili lilivyokuwa na vituo viwili vya udanganyifu. Kila mara picha ilionekana nzuri, na kila mara ilibaki hatua moja ya mpinzani ambayo haikuulizwa. Anayeishia kituo cha kwanza na anayeishia cha pili wote wamekosa, na kundi lililokufa halitazami ni yupi alikuwa karibu zaidi.

Zikiwa kete 8 badala ya 6, mambo ni mengine. Hata mwenye nyeupe akinyemelea kila upande, naye mwenye nyeusi akazuia kila upande, zinabaki nukta nne katikati, na nne tumeshaziona. Ndio msemo wa wachezaji: kwenye mstari wa pili, sita hufa, nane huishi. Saba humtegemea anayeanza. Lakini usiukariri msemo huu kabla hujausoma kwa macho yako mara kadhaa ukutani mwa akili. Msemo bila kusoma utakusaliti siku ukuta wa adui utakapokuwa na tundu dogo mahali fulani.

Swali la tatu: ngazi

Kuna hila mojawapo ya mwanzo kabisa iitwayo ngazi. Unaiweka kete ya adui katika atari, anakimbia kwa kuongeza kete moja na kupata pumzi mbili, unampunguzia tena hadi moja, anakimbia tena. Kete zinakwenda kwa kupinda kushoto na kulia kama vidato vya ngazi, zikiukata ubao kwa mshazari hadi ukingoni. Huko anayekimbia hana pa kwenda na kundi zima linaliwa. Lakini kukiwa na kete yake moja njiani inayomngoja, ngazi inavunjika, na anayefukuza anabaki na kete zilizojaa matundu.

Anayeanza akiambiwa asome hatua 30 mbele huogopa. Ngazi inamfundisha kwamba urefu si ugumu. Kila hatua ya ngazi ina jibu moja tu, kwa hiyo hata hatua 30 zinasomeka kwa kupitisha macho kwenye mshazari na kutazama kama kuna kete njiani. Swali la hatua tano ambamo kila hatua ina majibu matatu ni gumu kuliko ngazi inayovuka ubao mzima. Kwa hiyo usijipime kwa kuuliza "naona hatua ngapi?" Jiulize, "katika kila hatua, nimeyatazama majibu yote yanayostahili?"

Utaratibu wa mazoezi

Huu ndio utaratibu tunaoufuata chumbani kwetu. Si lazima uwe wenu, lakini una sababu zake.

1. *Maswali mepesi, mengi.* Chagua maswali ambayo mengi yake unayapata kwa chini ya dakika moja. Ukikosa zaidi ya nusu, shuka daraja. Swali gumu mno hukufundisha kubahatisha.

2. *Mikono chini.* Usiweke kete ubaoni wala usichore kwa kalamu ukiwa bado unatafuta jibu. Anayejaribu kwa vidole anazoesha vidole. Katika mchezo wenyewe hakuna kujaribu; kete ikishawekwa imewekwa.

3. *Sema mlolongo wote.* Usiseme "jibu ni F". Sema "mimi F, yeye B, mimi A, kundi limekufa." Ukiwa na mwenzako, yeye akushike upande wa pili: wewe unataja, yeye anakupinga. Hapa ndipo *fain qiila* inapofanya kazi.

4. *Yatazame pia majibu yaliyokosewa.* Swali moja lina jibu moja sahihi, lakini lina majibu mawili matatu yanayofanana nalo. Ukijua kila moja linavunjwa na kete gani, umefanya maswali manne kwa bei ya moja.

5. *Usikimbilie ukurasa wa majibu.* Likikushinda kwa dakika tano, litie alama uliache, urudi kesho. Wapo walimu wanaoshauri kutazama jibu mapema na kulikariri, na hata wao husema lazima ulirudie swali hilo hadi ulione mwenyewe.

6. *Rudia.* Mwenye kuhifadhi anaijua thamani ya muraja'a. Juzuu iliyohifadhiwa na kuachwa huponyoka. Maswali nayo ni hivyo: kitabu kimoja kikirudiwa mara tatu kina faida kuliko vitabu vitatu vilivyopitiwa mara moja. Mara ya tatu macho hutua yenyewe kwenye nukta, na akili inabaki na kazi ya kuhakiki tu.

7. *Kidogo kila siku.* Robo saa kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumapili. Mimi hufanya maswali kumi asubuhi, kabla ya kwenda kwenye vipindi.

Waliotutangulia

Njia hii si ya leo. Huko China, katika karne ya 14, ulikusanywa mkusanyiko mashuhuri wa maswali uitwao Xuanxuan Qijing, na wachezaji wanaendelea kuyafanya maswali yake hadi sasa. Japani, wakati wa utawala wa Tokugawa, kulikuwa na koo nne za Go zilizolelewa na serikali: Honinbo, Inoue, Yasui na Hayashi. Mwaka 1713 Inoue Dosetsu Inseki alikusanya maswali magumu sana katika kitabu kiitwacho Igo Hatsuyoron, kilichotumika kuwafunza wanafunzi wa ukoo wake na kuhifadhiwa kama siri ya nyumba. Mwaka 1812 Hayashi Genbi alitoa Gokyo Shumyo, chenye maswali zaidi ya 500. Maswali ya uhai na kifo kama haya Wajapani huyaita tsumego.

Katika zama zetu jina linalotajwa sana ni Cho Chikun. Alizaliwa Busan, Korea, mwaka 1956, akapelekwa Japani mwaka 1962 akiwa na miaka 6 kwenda kujifunza, na mwaka 1968 akawa mchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 11. Mwaka 1983 alikuwa mtu wa kwanza kushika kwa pamoja mataji makubwa matatu ya Japani: Kisei, Meijin na Honinbo. Mapema mwaka 1986 aligongwa na gari na kuvunjika vibaya, lakini alikwenda kulitetea taji la Kisei akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Taji hilo alilipoteza, mchezo hakuuacha. Mtu huyu ndiye aliyekusanya maswali ya uhai na kifo yanayotumiwa na wanafunzi wa Go duniani kote. Sehemu ya kwanza peke yake, ya wanaoanza, ina maswali 900. Maswali kumi kwa siku yatakumalizia sehemu hiyo kwa miezi mitatu.

Hata mashine husoma

Mtu atauliza: zama hizi za kompyuta, kuna haja gani ya kuumiza kichwa? Mwezi Machi 2016, mjini Seoul, programu iitwayo AlphaGo ya kampuni ya DeepMind ya London ilicheza michezo mitano na Lee Sedol wa Korea, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama hizi. Ilishinda minne kwa mmoja.

Tazama ilivyokuwa ikifanya kazi. Sehemu moja ya programu ilikuwa inapendekeza nukta chache zinazostahili. Nyingine ilikuwa inaipima picha. Kati yake kulikuwa na upekuzi: mimi hapa, yeye pale, mimi huku. Ni hatua zile zile tatu nilizozitaja mwanzo. Pamoja na kasi yake yote, haikuacha kusoma.

Na mchezo mmoja ilioupoteza, wa nne, una funzo kwetu. Katika kete ya 78 Lee Sedol aliingia kwenye nukta ambayo programu ilikadiria kuwa mwanadamu angeichagua kwa nafasi ya 1 kati ya 10,000. Kwa kuwa iliiona haiwezekani, haikuifuatilia ipasavyo, na baada ya hapo ikayumba hadi ikakubali kushindwa. Mashine yenye nguvu kiasi kile iliangushwa na jibu la mpinzani ambalo haikulipa uzito. Sembuse sisi.

Faida yake nje ya ubao

Sitaki kuupa mchezo sifa zisizo zake. Mtu anaweza kuwa hodari wa Go na bado akafeli mtihani. Lakini tabia moja naiona inavuka ubao, nayo ni kutoridhika na jibu linalofanana na sahihi. Tumezoea kuandika insha yenye dalili za upande mmoja, kuandaa hoja ya mdahalo bila kumsikiliza mwenzetu atasema nini, na kupanga bajeti ya muhula kana kwamba hakuna kitakachoharibika. Katika mambo hayo yote, kituo cha kwanza cha udanganyifu kipo, na cha pili kipo. Anayejizoesha kila asubuhi kuuliza "na yeye akijibu vizuri, je?" ana nafasi nzuri zaidi ya kuviona kabla hajavifikia.

Maswali ya kujipima

Nawaachieni matatu. Majibu siyaandiki, kwa sababu niliyoieleza kwenye nambari ya tano.

La kwanza: ndani ya kundi lako lililozungukwa kuna nukta nne tupu zilizopangana mraba, mbili kwa mbili. Ni zamu yako. Utaishi? Je, inafaa hata kujaribu?

La pili: nukta nne tupu zimekaa kama herufi T, tatu mstari mmoja na moja imegusa ile ya katikati. Nukta muhimu ni ipi, na akianza adui itakuwaje?

La tatu: rudi kwenye mchoro wetu wa mstari wa pili, lakini kete nyeusi ziwe 7. Mwenye nyeupe ndiye anayeanza, na anaweza kuua. Tafuta mlolongo wote. Dokezo langu ni moja: asiharakishe kuziokoa kete zake zilizo atari.

Atakayeyapata aje chumba cha mapumziko baada ya Isha siku ya Alhamisi, atutajie mlolongo wake akiwa mikono chini, nasi tutampinga kwa majibu mazuri kadiri tutakavyoweza. Anayetaka kuanza kabisa naye aje. Karatasi, rula na vizibo vipo.

Wabillahi tawfiq.